Uso Ambao Mzee Fu Amekataa Kuuza

Hankou, Wuhan
9 Novemba 2002

Dada yangu mpendwa Yinqiu,

Kabla ya yote nakusalimu na kukujulia hali kwa moyo mweupe, ingawa huko mbele utaona kwamba moyo wenyewe una madoa. Vipi kifua? Vipi yale magoti yanayokusumbua ukungu ukishuka? Natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na jiko la makaa, umevaa lile koti la pamba nililokutumia mwaka juzi, na siyo kwamba umelifungia sandukuni ukisubiri sherehe. Sisi huku hatujambo. Joto limetuachia, majirani wameingiza ndani vitanda vyao vya mianzi walivyokuwa wakilalia nje, na sokoni mizizi ya yungiyungi imejaa tele, ile minene ya kupikia supu ya mbavu. Shemeji yako anakula, analala na anakoroma, kwa hiyo ni mzima.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Simu nimeiinua mara nyingi, nikairudisha. Nikisikia sauti yako nitapiga kelele, au nitalia, kisha nitakata, na wewe utabaki umeshika mkonga wa simu hujui kosa lako ni lipi. Kwenye karatasi siwezi kukukatia kabla sijamaliza.

Barua yako ya Agosti niliipata. Ulisema kiwanda kimefungwa moja kwa moja, kwamba zile nyumba za wafanyakazi bondeni zitabomolewa baada ya Mwaka Mpya, na kwamba mwanao Qianming huko Shenzhen anaishi chumba kimoja na wakwe zake, hana pa kukuweka. Ukaniuliza, kwa maneno ya upole mpaka nikaona aibu, kama ungeweza kuja kukaa nasi, hata kwenye kona. Dada, kona zipo. Tangu picha za shemeji yako zianze kununuliwa tumehamia nyumba yenye vyumba vya kutosha, na kimoja hakina kitu ila makopo ya rangi na baiskeli isiyo na mnyororo. Sikunyamaza kwa sababu ya nafasi. Nilinyamaza kwa sababu nyingine, na nitaieleza yote, ila nakuomba usome hadi mwisho ndipo ukasirike.

Lazima nianze na lile bango la kiwanda cha nguo, ingawa unalijua. Wewe unajua nusu yako na mimi najua nusu yangu, na ni juzi tu nimegundua kumbe lilikuwa na nusu ya tatu.

Mwaka ule ulikuwa msokotaji bora wa karakana yenu. Hakuna aliyeunga uzi uliokatika haraka kama wewe, kwa hiyo ukachaguliwa kukaa mbele ya wachoraji wa idara ya uenezi. Jioni ulikuwa unarudi ukilalamika shingo, na ukatusimulia kwamba wachoraji ni watatu: mmoja wa mashine na maandishi, mmoja wa mwili na mikono, na kijana mmoja mrefu asiyesema, Fu Chengye, ambaye ndiye aliyepewa uso. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka jina lake, maana picha ilikuwa ya kiwanda kizima. Macho yaliachwa hadi siku ya mwisho, kwa kuwa kamati yote ilipaswa kuwepo macho yakitiwa, ihakikishe yanatazama juu, mbali, kule kunakotoka mwanga. Siku ya macho ikafika, ukarudi nyumbani mapema, ukasema picha imeharibika, mchoraji amekosea. Kesho yake wakaja kunichukua mimi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mashavu mapana mekundu ambayo bibi alikuwa akiyafinya kila akipita. Nilikaa asubuhi moja tu, kazi ikaisha. Bango likachapishwa, likatundikwa katika viwanda vya mkoa wote: mabega yako, mikono yako, vidole vyako vimeshika uzi, na juu ya kola uso wangu unatabasamu kuelekea darini. Mama alilitazama akasema hatimaye amepata mahali ambapo mabinti zake hawagombani. Tulicheka wote, hata wewe. Majira ya baridi yalipokwisha wewe uliomba uhamisho kwenda Guizhou, kwenye kiwanda cha milimani ambacho hakuna mtu aliyekitaka, na mimi nikaolewa na yule mchoraji wa uso, Fu Chengye. Sikuwahi kuyaunganisha mambo haya mawili. Nilikuwa na harusi ya kufikiria.

Ya baadaye unayajua kwa juujuu. Idara ilipovunjwa, Mzee Fu alichora mabango ya sinema, kisha vibao vya maduka, kisha hata vibao vikaanza kuchapishwa kwa mashine, akabaki nyumbani ananitazama nikishona. Siku moja akalitoa lile bango la zamani chini ya kitanda, akalichora upya kwenye turubai kubwa, kila kitu kilekile: jua jekundu na miali yake nyuma, alizeti, kofia nyeupe ya msokotaji, mimi natabasamu. Ila mkononi, badala ya uzi, akaweka chupa ya soda. Rangi akazifanya bapa na za kung'aa, bila kivuli, zimezungushiwa mistari minene myeusi, kama pakiti ya biskuti. Nilimwambia watakuja kumkamata. Waliokuja walikuwa wanunuzi.

Tangu hapo, dada, nimeshika kila kinachouzwa nchini. Nimeshika dawa ya meno, tambi za pakiti, rangi ya mdomo, simu ya mkononi, huku jua la zamani likiniwakia mgongoni kana kwamba natangaza ushindi wa mavuno. Kuna turubai moja ambayo uso wangu umepangwa safu kwa safu kama stempu, mmoja wa waridi, mmoja wa kijani, mmoja wa manjano. Wageni wanakuja kunishika mkono. Mama Peng wa ghorofa ya chini kila akinikuta ngazini ananisimamisha. "Yinchun, leo unauza nini?" ananiuliza. "Jana nilikuona gazetini na shampuu, nikasema jamani, mbona nywele zake zenyewe hazijawahi kuiona?"

Nilikuwa najifanya naudhika. Ukweli ni kwamba nilikuwa najiona. Mwanamke anazeeka, kiuno kinakwenda, meno yanaanza kulegea, halafu anaambiwa kwamba uso wake umetundikwa kwenye ukumbi wa benki Shanghai na kwenye hoteli Singapore, na watu wanasimama mbele yake kimya. Nilianza kutembea polepole sokoni ili wauza samaki wanitambue. Yule anayeuza picha hizo, Bi Kuang wa Guangzhou, mwanamke mwembamba mwenye nywele fupi na sigara nyembamba, aliwahi kuniambia kwamba mimi ndiye mali ya nyumba hii. Niliyaamini maneno hayo zaidi ya alivyoyasema.

Masika ya mwaka huu mambo yakabadilika. Mzee Fu alianza turubai mpya, kubwa kuliko zote, na akaifunika shuka kila alipotoka chumbani. Hajawahi kufunika kitu. Huyu ni mtu anayeacha mlango wa choo wazi. Akaacha kupiga mluzi akiwa kazini. Akaanza kuosha brashi zake mwenyewe, kazi ambayo tangu tuoane ilikuwa yangu. Nikimwita chakula anakuja amechelewa, anakula akiwa amesimama, anarudi. Nikamuuliza anachora nini. Akasema anarekebisha kitu. Nikamuuliza kitu gani. Akasema, kitu cha zamani, na akaomba nimwongezee chai.

Asubuhi moja alipotoka kwenda kununua tambi za ufuta, niliinua shuka. Nilijikuta pale tena, au nilidhani ni mimi: jua, alizeti, kofia, mabega. Chini, miguuni, alikuwa amerundika bidhaa zote za miaka hii, chupa na sabuni na pakiti na simu, zimepangwa kama kwenye genge la mboga, lakini mikono haikushika hata moja. Ilishika uzi. Nikapandisha macho usoni. Macho yalikuwa bado hayajatiwa, palikuwa na matundu mawili meupe. Mdomo ulikuwepo, umefungwa, pembe moja imepanda kidogo. Kidevu kilikuwa chembamba. Mashavu yangu hayakuwepo.

Niliketi juu ya ndoo ya rangi. Nimekaa juu ya ile shingo tangu nikiwa msichana, na sasa kuna mtu amenishusha. Utasema ni picha tu. Hata mimi nilijiambia hivyo, huku nikijaribu kurudisha shuka ilivyokuwa. Ulikuwa wivu, dada. Sikuwa najua kwamba mtu wa umri wangu bado anaweza kuonea wivu kidevu.

Nikaanza kukitafuta mwenyewe. Nilitazama videvu vya wauza duka, vya wanafunzi wanaokuja kumwona, vya mke wa daktari wa meno. Nikaishia kwa Bi Kuang, kwa sababu kidevu chake ni chembamba, kwa sababu ana pesa, na kwa sababu humwita mume wangu Mwalimu Fu kwa sauti laini. Nikamwalika chakula cha mchana. Nilimkalisha mbele yangu penye mwanga, nikampakulia Mzee Fu nyama, mgeni nikampakulia mifupa. Alikula mifupa kwa adabu. Halafu akaweka vijiti chini.

"Wifi," akaniambia, "tangu nimeingia unanitazama kidevu. Kina nini?"

Nikamwambia kinafanana na cha mtu ninayemtafuta.

"Kama ni yule aliyefunikwa shuka, hata mimi namtafuta," akasema. "Nilimuuliza Mwalimu Fu bei yake, akaniambia nisimuulize tena. Mimi kazi yangu ni kuuza picha, wifi. Mchoraji akikataa kuuza, najua kuna mtu. Ila mtu mwenyewe siyo mimi. Mimi nisingekubali kuchorwa na kofia ile."

Mzee Fu, aliyekuwa katikati yetu, aliendelea kutafuna nyama yake. Nilimwongezea Bi Kuang nyama, kwa kuwa nilikuwa nimemwonea, lakini usiku wa moyo wangu haukupambazuka. Kama siyo huyu aliyekaa mbele yangu, basi ni mwingine nisiyemwona, na huyo ni mbaya zaidi.

Mwezi uliopita kukawa na maonyesho hapa Hankou. Nilivaa gauni la hariri la kijani, nikatengeneza nywele, nikaenda na Mama Peng kama shahidi wangu. Picha zangu zilijaa kuta mbili. Ile turubai kubwa ilikuwa peke yake ukutani mwa mwisho, na kikaratasi kando yake kiliandikwa kwamba haiuzwi. Macho yalikuwa yametiwa. Hayakutazama juu wala mbali. Yalimtazama mtu aliyesimama mbele, yaani mimi, yakiwa yametulia, kana kwamba mwenye macho ameuliza swali na hana haraka ya jibu. Nikamjua papo hapo. Jina lake nitalitaja, dada, usinikimbize.

Mwandishi mmoja wa gazeti akaja na kamera, akauliza kama naweza kumwambia mwanamke huyu mzuri ni nani. Mzuri. Kwenye zile picha zangu zote waliuliza nimeshika nini. Nikasikia mdomo wangu unajibu kwamba ni mimi, mwaka niliougua homa ya matumbo nikakonda. Mwandishi akaanza kuandika. Mzee Fu alikuwa amesimama nyuma yetu na glasi ya chai.

"Siyo yeye," akasema.

Hakupaza sauti. Katika ndoa yetu yote hajawahi kunisahihisha mbele ya watu, hata siku niliyomwambia katibu wa mtaa kwamba paka aliyeiba samaki wake hakuwa wetu. Mwandishi akafuta alichoandika. Watu wakatazama viatu vyao. Mama Peng, ambaye Mungu hajampa kipaji cha kunyamaza, alinyamaza, akanishika mkono, na hilo ndilo lililoniumiza kupita yote.

Maonyesho yalipokwisha, Bi Kuang alileta wanunuzi wengine, wa Uswisi, wanaotaka kuipeleka ile turubai jumba la makumbusho. Mzee Fu akakataa. Akaileta nyumbani, akaitundika chumba cha kulia, ukutani mbele ya kiti chake. Sasa nikimwekea bakuli anamtazama yule wa pichani kwanza, ndipo atazame bakuli. Nimewahi kuigeuza picha itazame ukuta. Akaigeuza tena bila kusema neno. Nimewahi kuhamisha meza, akahamisha kiti. Nimewahi kuzidisha pilipili mpaka akatokwa machozi, na bado alikuwa anaangalia kule kwa macho yaleyale ya machozi.

Wiki iliyopita nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza. Nilikaa mbele yake, nikaifunika picha kwa mgongo wangu, nikamwambia leo huli mpaka uongee. Akaongea.

Mwanamke yule ni wewe, dada Yinqiu. Nilikujua pale kwenye maonyesho kwa ule mstari unaokata nyusi yako ya kushoto, ulioupata siku ulipoteleza kwenye ngazi za mtoni umenibeba mgongoni, ukaanguka kifudifudi ili mimi nisiumie. Kwenye bango la zamani nyusi haikuwa na mstari. Ile ilikuwa yangu.

Picha yako haikuwa imeharibika. Mzee Fu anasema ndio uso pekee aliowahi kuchora na kuona umepumua. Siku ya macho aliyatia kama yalivyokuwa, yanamtazama mtu, kwa sababu siku zote ulipokuwa umekaa pale ulikuwa unamtazama yeye. Kamati ikasimama mbele ya picha. Katibu akauliza kwa nini msokotaji huyu anatutazama sisi, anatudai nini, na kwa nini mashavu yake ni membamba, au tunataka mkoa mzima useme kiwanda hakiwalishi watu. Wakati huo kulikuwa na watu maalumu wa kurekebisha picha za wenzao, lakini siku hiyo hawakuitwa. Alipewa brashi yeye mwenyewe. Akachanganya waridi, akaufunika uso wako wote kuanzia kidevuni kwenda juu, mbele yao. Anasema wewe ulikuwa mlangoni. Ulikuwa umekuja kuona macho yako.

Kwa hiyo ulijua. Uliona yote, ukarudi nyumbani, ukatuambia mchoraji amekosea. Kesho yake ukanisuka nywele mimi niende kukaa kwenye kiti chako. Mama alipotania ulicheka nasi. Halafu ukachagua kiwanda cha mbali kuliko vyote, na ulipokuja harusini ulileta mablanketi mawili na hukula keki.

Nilimuuliza kama alikupenda. Akasema hajawahi kukugusa hata kidole, na kwamba maneno mliyoambiana yote yangeenea kwenye kipande cha karatasi ya sigara. Nikamwambia hayo siyo niliyouliza.

"Wewe nilikuoa," akasema. "Yeye nilimfuta."

Mwanamke mwenye akili timamu angeshukuru. Mimi nimepewa nyumba, watoto, na mume asiyelewa. Lakini nilisikia alivyolitamka lile neno la pili, na neno la kwanza nikaliona dogo, la kila siku, la kufulia na kupikia. Nikatamani ningekuwa mimi niliyefutwa. Nakuambia hivi hivi, bila kupaka sukari: nilikuonea wivu kwa jambo baya kuliko yote uliyowahi kutendewa. Uso wangu ameuuza mpaka sijui uko miji gani. Wako hauuzi kwa yeyote. Na asubuhi akiamka, kabla hajaniambia kama alilala vizuri, anapita chumba cha kulia kwanza.

Sasa umeelewa kwa nini barua yako imekaa kwenye droo. Nilisema, ikiwa uso peke yake umenifanyia haya, je, mwenyewe akija na miguu yake? Mzee Fu hajui kwamba umeomba kuja. Sikumwambia. Kila alipouliza habari zako nilimwambia huna shida, una nyumba nzuri, hewa ya milimani imekukubali. Aliitikia kwa kichwa akatazama ukutani.

Jana alikwenda kuonana na Bi Kuang, nikabaki peke yangu na wewe. Nilipakua chakula changu, nikakaa kwenye kiti chake kwa makusudi, nikala nikikutazama. Nilitaka kuona anachokiona. Mwanzoni nilikuchukia. Halafu nikaanza kukuchunguza kama tunavyochunguzana wanawake, na nikaona kitu. Yule wa ukutani hajawahi kukohoa. Hajawahi kusema supu yangu ina chumvi nyingi, jambo ambalo wewe hukusahau kulisema hata siku tulipomzika mama. Hakoromi, havui viatu sebuleni, hapigi simu kwa mwanawe akipiga kelele kana kwamba Shenzhen ni ng'ambo ya barabara. Ana miaka ishirini na mitatu na atabaki nayo. Mtu wa namna hiyo, dada, siwezi kushindana naye hata nikivaa hariri ya kila rangi. Wewe naweza.

Kwa hiyo njoo. Njoo mara tu utakapopata tiketi, usisubiri wabomoe. Chumba nimeanza kukisafisha leo, makopo ya rangi nimeyapeleka varandani, na Mzee Fu ameniuliza nasafishia nani, nikamwambia nasafisha tu. Utakaa kwenye kiti kilicho chini ya ile picha, kila mlo, nami nitakupakulia nyama wala siyo mifupa. Mimi pia nilikuwa mwanamke wa kwenye bango, akanizoea mpaka hasikii nikiingia chumbani. Akuzoee na wewe. Akuone ukipiga chafya, ukitafuta miwani iliyo kichwani mwako, ukigombana nami kuhusu chumvi. Akuombe radhi ana kwa ana kama anataka, umjibu utakavyo, hilo ni lako na yeye. Na ikiwa ulimpenda, usiniandikie. Utaniambia hapa, siku moja tukisuuza vyombo, nikiwa nimekupa mgongo, na sitageuka.

Nimekukumbuka pia. Ilipasa niliandike hilo juu kabisa, lakini wivu ulikuwa umekaa njiani, na ulikuwa mnene. Nitakuja kukupokea kituoni Hankou mwenyewe. Nakuomba kitu kimoja tu: usipake nywele rangi. Njoo na mvi zako zote.

Msalimie Qianming utakapompigia, mwambie aache kujilaumu, mama yake ana pa kukaa. Wasalimie na majirani waliobaki bondeni, hasa yule bibi anayekuchotea maji magoti yakikataa. Mama Peng anakusalimu bila kukujua, na anasubiri kwa hamu. Shemeji yako hajakuletea salamu kwa kuwa hajui nakuandikia. Zake atakupa mwenyewe utakapofika, nami nitakuwa nimesimama hapohapo, nazisikiliza moja moja.

Mdogo wako,
Yinchun